Kutu ya gari hulipwa na mkulima

UKIMTAJIA mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro neno kutu, hatafikiria gari hata kidogo. Atafikiria vile vidoa vya rangi ya chungwa vinavyojitokeza upande wa chini wa jani la mbuni, na atakueleza bila kusita kwamba dawa ya kopa hupuliziwa kabla ugonjwa haujashika shamba, si baada ya majani kupukutika.

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1869 kutu ya majani ilionekana katika mashamba ya kahawa ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na katika muda wa miaka ishirini hivi zao hilo lilikuwa limeporomoka, wenye mashamba wakageukia chai. Wakulima wa kahawa duniani walijifunza kwamba ugonjwa huu haungojewi.

Sasa mchukue mkulima huyo huyo, au mfanyabiashara anayenunua mazao yake, umpe gari. Ataona kidoa cha kahawia chini ya mlango, atasema "hicho kidogo tu". Mwaka unaofuata rangi itavimba. Mwaka wa tatu atalipeleka Gerezani likapigwe puti na rangi, na siku litakapotoka pale linang'aa ataamini kuwa amelitibu.

Nataka kuizungumzia kutu hii ya pili. Mimi ni mchumi wa kilimo, si fundi wa magari, na msomaji ana haki ya kuuliza kutu ya gari inanihusu nini. Inanihusu kwa sababu kabichi, viazi, nyanya na ndizi zinazouzwa Kariakoo, Ilala na Mabibo hazikufika pale kwa miguu. Zimefika kwa Fuso, Kenta au kirikuu, na gharama ya gari hilo imo ndani ya bei ya kila gunia.

Inanihusu pia kwa sababu ilimgusa mjomba wangu.

Kenta la mjomba

Mwaka 2016 mjomba, ambaye analima viazi na kabichi huko Mgeta mkoani Morogoro, aliungana na majirani zake wawili wakanunua Kenta lililotumika, katika yadi moja ya hapa Dar es Salaam. Walikuwa wamechoka kupangiwa bei na wenye magari. Walilizunguka gari, wakasikiliza injini, wakatazama matairi. Mmoja wao aliinama akachungulia chini, akakuta chasisi imepakwa rangi nyeusi mpya, nzito kama lami. Akasimama akasema, "Hawa jamaa wanalitunza gari."

Mwaka 2019, kwenye miteremko ya juu ya Mlali, gari likiwa limejaa kabichi za kuja Dar es Salaam, bomba la breki lilipasuka. Dereva alikanyaga, pedali ikaenda mpaka chini. Aliona heri aliegemeze gari kwenye ukingo wa mlima kuliko kuliacha liende upande wa bonde. Utingo alivunjika mkono. Kabichi zilitawanyika barabarani, na nyingine watu walijiokotea. Hakuna aliyekufa, na mjomba mpaka leo huanzia hapo kila anapoisimulia habari hii.

Gari lilipoinuliwa gereji ndipo tulipoiona siri ya ile rangi nyeusi. Ilibanduka kama gome la mti mkavu, na ndani yake mlikuwa na unga wa kahawia. Fundi alichukua bisibisi akaichoma sehemu ya chasisi inayoshika springi ya nyuma, ikapenya. Bomba la breki lililopita pembeni yake lilikuwa jembamba kama bua.

Nilikuja kuzipitia karatasi za gari baadaye. Kati yake kulikuwa na karatasi ya mnada kutoka Japani, imeandikwa Kijapani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameitazama. Juu yake kuna mchoro wa gari, na ndani ya mchoro zimeandikwa herufi S na C sehemu kadhaa. Katika minada ya Japani herufi S husimama badala ya neno sabi, yaani kutu, na C huonyesha chuma ambacho kimekwisha kuliwa. Habari yote ilikuwemo ndani ya faili tangu siku ya kwanza.

Chumvi ya milango minne

Chuma hakihitaji mengi ili kishike kutu. Kinahitaji maji na hewa tu. Lakini yakiwa maji ya chumvi kasi huongezeka sana, kwa sababu kutu kimsingi ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi.

Gari la mazao la Dar es Salaam hupata chumvi kupitia milango minne.

Mlango wa kwanza ni huko lilikotoka. Magari yetu mengi ni yaliyotumika Japani. Mikoa ya kaskazini na ya magharibi ya nchi hiyo, kama Hokkaido, Aomori na Niigata, hupata theluji nyingi, na barabara zake humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria ya kuzuia matairi yenye misumari kwa sababu yalikuwa yakisaga lami na kujaza vumbi mijini, na baada ya hapo matumizi ya chumvi barabarani yakaongezeka. Gari lililokaa huko miaka kumi linaweza kuwa na injini nzima na siti safi, huku chini likiwa limeoza. Lililokaa mikoa isiyo na theluji, mbali na bahari, linaweza kuwa na umri huo huo na chasisi ikawa ngumu.

Mlango wa pili ni hewa yetu wenyewe. Kutoka bandarini hadi Kariakoo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu ukipitia Gerezani. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, huleta chembechembe za chumvi ambazo huzioni, lakini ukipitisha kidole kwenye kioo cha gari lililolala karibu na Feri, kisha ukionje, utazijua. Gari linalosubiri kutolewa bandarini au katika bandari kavu za Kurasini huanza kuipokea chumvi hiyo kabla mwenyewe hajakabidhiwa ufunguo.

Mlango wa tatu ni mzigo. Gari linalobeba samaki kutoka Feri hutiririsha maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi, nayo hupenya kwenye mbao za bodi na kutulia juu ya chasisi. Linalobeba chumvi kutoka Bagamoyo au Lindi halihitaji maelezo. Lakini wengi wetu tunasahau mbolea. CAN na baadhi ya mbolea za mchanganyiko hufyonza unyevu wa hewani, na punje zilizomwagika kwenye kona za bodi hugeuka kuwa tope linalotafuna chuma usiku na mchana. Mkulima hufagia mahindi yaliyomwagika kwa sababu yanaliwa. Punje za mbolea huziacha.

Mlango wa nne unashangaza zaidi, kwa sababu tunaufungua kwa kulipia. Visima vingi vya maeneo ya Dar es Salaam yaliyo karibu na pwani vina maji ya chumvi, kwa kuwa maji ya bahari yamepenya chini ya ardhi kadiri tunavyochota. Kila mkazi wa mji huu anaijua tofauti ya maji baridi na maji ya chumvi, na hapikii chai maji ya chumvi. Lakini hulipeleka gari likaoshwe, asiulize maji yanatoka wapi. Kwa bei nzuri kabisa gari lake huoshwa kwa chumvi na kurudishwa likiwa limetakata.

Mteja anataka rangi

Nilikwenda Gerezani kuzungumza na fundi mmoja wa bodi ambaye ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nilimuuliza kwa nini mafundi wanapiga puti juu ya kutu hali wanajua itarudi.

"Kaka," aliniambia, "mteja anataka rangi, hataki chuma. Nikimwambia nikate hapa mpaka nikute chuma kizima, nichomelee bati jipya, nimpakie praima ndani na nje, anaona namwibia. Jirani anamwambia puti na rangi, kesho anachukua gari. Unafikiri ataenda kwa nani?"

Hapo fundi alinieleza uchumi kuliko vitabu vingi. Kazi nzuri haionekani kwa macho, kazi mbaya inang'aa sawasawa na nzuri kwa miezi sita, na mnunuzi hana njia ya kuzitofautisha. Katika soko la namna hiyo fundi mwaminifu hushindwa bei. Kwa hiyo dawa ya kwanza si kuwalaumu mafundi wa gereji bubu. Ni mwenye gari kujua anachokilipia.

Puti si dawa ya kutu. Ni kitu cha kusawazisha bonde dogo juu ya chuma kizima kilicho safi. Ikipakwa juu ya kutu hunyonya unyevu na kuushikilia pale pale, na kutu huendelea kula kimya kimya. Ile lami nyeusi ya chini ya gari nayo ni hivyo hivyo. Ikipakwa juu ya chuma safi na kikavu husaidia kuzuia mawe na maji. Ikipakwa juu ya kutu huwa blanketi la kuificha, kama ilivyotokea kwa Kenta la mjomba.

Kazi inayostahili fedha yako ina hatua zinazojulikana. Kama kutu ni ya juu juu, isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, vumbi lifutwe, ipakwe dawa ya kugeuza kutu iliyobaki kwenye vinyweleo vya chuma, kisha praima, kisha rangi. Yote hayo yafanyike bila kulaza chuma wazi, kwa sababu kwa unyevu wa Dar es Salaam chuma kilichosuguliwa jioni kinaweza kuamka na kutu mpya asubuhi.

Praima yenye zinki nyingi ni bora zaidi, kwa sababu ile ile inayofanya bati la kuezekea lenye zinki lidumu: zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone.

Kama kutu imekwisha kutoboa, hakuna dawa ya kupaka. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, bati jipya lichomelewe, na kiungo kipakwe praima pande zote mbili. Upande wa ndani usiofikika kwa brashi upuliziwe mafuta au nta. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zifunguliwe, na mabomba ya breki na ya mafuta yaliyo karibu na moto yaondolewe. Ufa wa chasisi si kazi ya kuziba kwa kipande cha bati na kuondoka. Ni kazi ya fundi anayejua mahali mzigo unapolala. Na bomba la breki lililoliwa na kutu halitibiwi, linabadilishwa.

Wapo watakaosema kwamba mababa zetu walipaka oili chafu chini ya gari na mambo yakaenda. Ni kweli kwamba oili huzuia maji. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina uchafu na tindikali iliyotokana na kuungua kwa mafuta, hulainisha mipira ya chini ya gari, na mvua ikinyesha huoshwa ikaenda kwenye mitaro na hatimaye Mto Msimbazi. Ikidondokea breki ni hatari nyingine. Grisi safi au mafuta safi mazito hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kiasi kinachohitajika si kikubwa.

Hesabu ya kawaida

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana bila hesabu haya yote ni mahubiri. Namba nitakazotumia ni za mfano tu. Mwenye gari aweke zake.

Tuseme Kenta linafanya safari 2 kwa wiki, na kila safari inabakiza Sh150,000 baada ya kuondoa mafuta, dereva, utingo na ushuru. Likisimama wiki 3 kwa ajili ya kukatwa na kuchomelewa, safari 6 zimepotea, yaani Sh900,000. Fundi, bati, gesi na rangi tuseme Sh1.2 milioni. Jumla ni Sh2.1 milioni.

Upande wa pili, tuseme gari linaoshwa chini kwa maji baridi mara mbili kwa mwezi, kila mara Sh10,000. Kwa mwaka ni Sh240,000. Ongeza Sh160,000 za grisi, praima, rangi ya kuziba mikwaruzo na fundi wa kulikagua mara mbili kwa mwaka. Jumla ni Sh400,000 kwa mwaka, au Sh1.6 milioni kwa miaka minne.

Kama kuchomelewa huko kunaangukia mara moja katika miaka minne, aliyekinga ameokoa Sh500,000. Nakiri kwamba hizo si fedha za kumfanya mtu aruke kwa furaha. Lakini hesabu hiyo imeacha mambo matatu nje. Gari lililochomelewa mara moja hurudi tena, kwa sababu kutu ya pembeni haikuondoka. Siku ya kuliuza, mnunuzi anayejua kuinama atapunguza bei. Na ndani ya hesabu hakuna mkono wa utingo, wala mzigo uliomwagika, wala mtu ambaye angekuwa anapanda mlima ule siku ile.

Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2016 na chama cha wahandisi wa kutu cha NACE ilikadiria kwamba kutu na ulikaji wa metali huigharimu dunia dola trilioni 2.5 za Marekani kwa mwaka, sawa na asilimia 3.4 ya pato la dunia. Ripoti hiyo hiyo ilisema kati ya asilimia 15 na 35 ya hasara hiyo ingeweza kuepukwa kwa mbinu zinazojulikana tayari.

Nani hasa hulipa? Wengi hudhani ni mwenye gari. Lakini fikiria jinsi bei ya shambani inavyopatikana. Mlaji wa Kariakoo hatoi shilingi moja zaidi kwa sababu gari lililoleta kabichi lilikuwa gereji, kwani pembeni kuna kabichi nyingine zilizoletwa na gari jingine. Mchuuzi anayekwenda Mgeta au Lushoto huanza na bei ya sokoni Dar es Salaam, huondoa nauli, ushuru, hasara ya njiani na faida yake, na kinachobaki ndicho anachompa mkulima. Magari yakiwa mabovu kwa pamoja, nauli hupanda kwa pamoja, na kinachobaki hupungua. Mkulima ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli huilipia kutu ya gari asilolijua.

Tufanye nini

Kwa anayenunua, ushauri wangu ni kuinama. Usinunue gari ambalo hujaliona chini kwa mwanga wa mchana. Gonga chasisi kwa mpini wa bisibisi na usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu. Inua zulia, fungua buti uangalie mahali linapokaa tairi la akiba, pitisha mkono ndani ya madigadi na chini ya milango. Fuata mabomba ya breki kutoka mbele hadi nyuma. Ukikuta rangi nyeusi mpya kwenye gari la zamani, iulize ilipakwa lini na kwa nini, na uombe kukwaruza sehemu ndogo. Muuzaji akikataa, amekwisha kujibu. Na daima dai karatasi ya mnada. Sasa unazijua herufi mbili za kutafuta.

Kwa mwenye gari tayari, jambo kubwa ni maji baridi chini ya gari. Lioshwe kila baada ya kubeba samaki, chumvi au mbolea, na kila baada ya kupita kwenye maji ya mafuriko, kama yale yanayolifunika bonde la Jangwani mvua zinapozidi. Muulize anayeosha maji yake ni ya wapi. Yazibue matundu madogo yaliyo chini ya milango, maana yakiziba taka mlango hugeuka ndoo. Mkwaruzo uzibwe wiki hiyo hiyo. Na gari lililolowa lisifunikwe turubai la plastiki, liachwe lipate upepo.

Kwa wenye mamlaka nina mambo matatu.

La kwanza ni ukaguzi. Kwa miaka mingi magari yaliyotumika yalikaguliwa huko yanakotoka kabla ya kupakiwa melini, na mwaka 2021 Shirika la Viwango Tanzania (TBS) likaanza kuyakagua yakishafika nchini. Popote ukaguzi unapofanyika, naomba chasisi na mabomba ya breki yapewe uzito ule ule unaopewa taa na matairi, na mnunuzi aandikiwe kwa Kiswahili kilichoonekana chini ya gari lake.

La pili ni kodi. Utaratibu wetu wa kutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa una nia njema, lakini unahesabu miaka, na kutu haihesabu miaka. Gari la miaka saba lililokulia kwenye chumvi ya Hokkaido linaweza kuwa bovu kuliko la miaka kumi na mbili lililokulia mahali pakavu. Kodi ya umri pekee humfanya mnunuzi akimbilie mwaka wa kutengenezwa na kusahau hali ya chuma. Sisemi ifutwe. Nasema hali ya gari nayo iwe na sauti.

La tatu ni maji na mafunzo. Halmashauri hukusanya ushuru kwa kila gari la mazao na la samaki linaloingia sokoni. Sehemu ya ushuru huo ingejenga mahali pa kuoshea magari chini kwa maji baridi, pale Feri na katika masoko ya jumla, kwa malipo madogo. Na vijana wa Gerezani waliojifunza kazi kwa kutazama wapewe kozi fupi za jioni za kutibu kutu kupitia vyuo vya VETA kama kile cha Chang'ombe, pamoja na cheti ambacho mteja anaweza kukiona ukutani. Hapo fundi mwaminifu atapata namna ya kujitofautisha na jirani yake mwenye puti.

Najua yupo atakayesema magari haya ni ya bei nafuu, hayakununuliwa ili yadumu. Kwa mtu anayebadilisha gari kila baada ya miaka mitatu huenda ni sawa. Lakini Kenta la Mgeta lilikuwa akiba ya familia tatu kwa misimu kadhaa. Kwao hakukuwa na gari jingine nyuma yake.

Mjomba na wenzake walichanga tena, safari hii wakanunua gari dogo zaidi. Nilikwenda naye kulichagua, na alilala chali chini ya magari manne kabla ya kukubali la tano, mzee wa miaka sitini na ushei, shati jeupe likawa kahawia. Kila likitoka Dar es Salaam sasa husimama Morogoro mjini likaoshwe chini kabla ya kupanda mlima.

"Mpwa wangu," aliniambia siku moja tukiwa tunasubiri likauke, "viazi vyangu navipulizia dawa kabla ukungu haujaonekana, kila msimu, kwa miaka thelathini. Sijui kwa nini gari nililiacha mpaka liugue."

Msomaji mwenye gari, kabla hujaligeuza ukurasa, toka nje uiname.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.